Nina digrii ya uhasibu, niko Mwanza, natuma maombi kila siku na sijibiwi. Nibadilishe nini?

MtuWaIgoma:
Habari za saa hizi wakuu. Nimemaliza digrii ya uhasibu na fedha mwaka juzi, naishi Igoma kwa kaka yangu. Kazi natafuta kwelikweli, kila asubuhi napitia magrupu ya wasap na telegramu ya matangazo ya ajira, kila penye neno mhasibu natuma, iwe Dar iwe Mbeya iwe Zanzibar, na bahasha ya kaki nimezungusha mjini mpaka walinzi wananijua kwa sura. Majibu hakuna, hata ya kukataliwa. Fildi nilifanya halmashauri, niliipenda sana ile kazi. Kaka hajasema kitu ila naona kabisa mzigo unamwelemea, ana watoto wanasoma. Sala nasali, naomba na mbinu kwa waliotangulia, hasa wahasibu wenzangu.

MkaguziWaZiwa:
Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kutokata tamaa. Mimi niko kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu hapahapa Mwanza, nakueleza ninachokiona kila mwaka. Tangazo likishafika kwenye grupu la wasap ujue limeshafika kwa maelfu ya watu, wewe unagombania pale ambapo kila mtu yupo. Uhasibu una msimu wake, huo ndio wa kuuvizia. Kampuni nyingi mwaka wao wa hesabu unaisha 31 Disemba, na hesabu zilizokaguliwa zinatakiwa zifike TRA ndani ya miezi sita, yani mwisho wa Juni. Kwa iyo kuanzia Januari hivi mpaka Juni ofisi za ukaguzi tunazidiwa na kazi, mafaili yamejaa mpaka chini ya meza, na hapo ndipo tunatafuta vijana wa kusaidia, na hatutangazi popote, tunaulizana tu nani anamjua kijana makini. Ukija Agosti utaambiwa acha barua mlinzini. Ukija Novemba au Disemba mwanzoni utasikilizwa.

Orodha ya ofisi zilizosajiliwa ipo kwenye tovuti ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, iko wazi kwa kila mtu. Chambua za Mwanza na Shinyanga, piga simu mapokezi uulize nani anasimamia wakaguzi, barua iende kwa jina lake. Hela ya kuanzia ni ndogo, mara nyingi ni nauli na chakula, sikufichi. Ila msimu mmoja utashika faili la hadiwea, la shule, la saccos, la kiwanda cha samaki, na hiyo ndiyo inakufanya uitwe mhasibu. Alafu jisajili mitihani ya NBAA hata kwa somo moja moja, inafanyika Mei na Novemba, mwajiri akiona umeshaanza safari ya CPA, ile sifa ya mhasibu aliyethibitishwa na bodi, anakuangalia kwa jicho lingine.

Dada_Rasilimali:
Nakazia alichosema kaka hapo juu. Mimi kazini kwangu ndio huwa napokea hizo siivii na kuzichambua. Mdogo wangu hebu tuwekee hapa ulivyoandika ile sehemu ya fildi, kama ilivyo, usirekebishe.

MtuWaIgoma:
Asante dada. Nimeandika hivi: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo idara ya fedha, nilishughulikia masuala mbalimbali ya uhasibu na kujifunza kufanya kazi kwa ushirikiano na kwa bidii."

Dada_Rasilimali:
Nilijua tu. Sentensi kama hiyo ipo karibu kwenye kila siivii inayofika mezani, na mimi nikiwa na rundo la kusoma kabla ya saa kumi siwezi kukukumbuka. Masuala mbalimbali ni yapi? Uliandika vocha? Ulilinganisha statimenti ya benki na kashibuku? Ulitumia mfumo gani? Mimi ningeandika "Niliandaa vocha za malipo na kuambatanisha viambata vyake kabla hazijaenda kwa mkaguzi wa ndani, na kila mwisho wa mwezi nililinganisha statimenti ya benki na kashibuku na kuorodhesha hundi ambazo hazijapita." Kama ni kweli uliyafanya lakini, maana kwenye intavyuu nitakuuliza hundi ambayo haijapita unaifanyaje, na ukibabaika imekwisha. Usiandike usichokifanya.

Na jambo jingine dogo ila linaniumiza roho kila siku, faili linakuja limeitwa "CV new final 3", nikilipakua linapotea katikati ya mengine. Lipe jina lako na kazi unayoomba. Kwenye imeili andika mistari minne mitano: unaomba nafasi gani, umefanya nini kinachofanana nayo, unapatikana lini. Usiache imeili tupu yenye kiambatanisho. Na tafadhali, siivii moja usiitume kwa watu kumi kwa mkupuo, sisi tunaona anwani zote pale juu.

Kisiwani_88:
Mnamdanganya kijana, hii nchi bila koneksheni hupati kitu. Wenye wajomba ndio wanaingia.

MkaguziWaZiwa:
Mkuu sikatai, kubebana kupo na kunauma. Lakini ofisi ndogo kama yetu haiwezi kubeba mtu asiyejua kazi, Juni itatuumbua. Na kujuana kunatengenezwa pia. Huyu kijana yuko Igoma, Nyakato si mbali, kuna wenye maduka na viwanda vidogo pale wamesajiliwa VAT na risiti zao ziko kwenye boksi la viatu, tarehe 20 ya ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, ikifika wanahaha kutafuta mtu. PAYE, kodi ya mishahara, nayo tarehe 7. Akienda kwa mmoja akamwambia bosi naomba nikupangie risiti zako za mwezi huu uone, huyo mfanyabiashara ana mhasibu wa nje, ana mkaguzi, ana wenzie wa jirani. Taarifa za kijana zinatembea. Jina la kijana mzuri wa hesabu halikai chini.

MamaVyeti:
Naongezea upande wa serikali kwa sababu umesema halmashauri uliipenda. Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira usiiache, ila andaa makaratasi sasa ivi kabla tangazo halijatoka. Cheti halisi cha kidato cha nne na cha sita, zile karatasi za matokeo hawazipokei, nimeona watu wazuri wanaenguliwa kwa hilo tu na inasikitisha. Vyeti vikahakikiwe na wakili, cheti cha kuzaliwa kiwepo, namba ya NIDA iwepo, barua uisaini kwa mkono ndio uiskani. Kama jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la shule katengeneze dipoli, hati ya kisheria ya majina, mapema, hiyo sio kazi ya siku moja. Na kuomba huko ni bure kabisa, mtu akikuambia tuma hela ya fomu au ya kupitisha jina lako ni mwizi huyo, mblock.

MtuWaIgoma:
Wakuu asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Vocha na benki nilizifanya kweli dada, naandika upya usiku huu. Mkaguzi, kwa sasa nikienda Nyakato, hapo kwa mwenye duka niombe malipo au niache kwanza?

MkaguziWaZiwa:
Mwezi wa kwanza usimtajie bei, mwombe nauli tu na mwambie wazi ni wa majaribio. Ritani ikishaingia salama kaeni mkubaliane kwa mwezi, na mwandikishane hata kwenye karatasi ya daftari. Password yake ya TRA aweke yeye mwenyewe, wewe usiishike. Ukikwama kwenye ritani ya kwanza niandikie inboksi, tutaipitia pamoja kabla hujaituma.