Upungufu wa korosho chama cha msingi: kesi inaendaje, na hela ya mkulima inarudi vipi?

Mkorosho Mkavu (Tandahimba):
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa sheria na ushirika mnifafanulie. Tuseme chama cha msingi (chama cha ushirika cha wakulima kijijini) kimepima kilo 60,000 za korosho kwa wakulima, ghala kuu limepokea 56,000. Bei baada ya makato ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, hapo kuna milioni 12 zimeyeyuka, na wakulima wa mkiani kwenye orodha ya malipo hawaoni kitu benki. Je, huu ni wizi, rushwa au uhujumu uchumi? Mbona wengine wanapigwa faini wanarudi nyumbani, wengine wanakula miaka 20? Na akifungwa, mkulima analipwa na nani?

Wakili wa Shangani:
Mkuu, jibu la faini au miaka 20 liko kwenye hati ya mashtaka. Kitendo kilekile kinaweza kuandikwa kwa njia tatu. Kuna wizi au kughushi, chini ya Kanuni ya Adhabu. Kuna ubadhirifu na ufujaji, kifungu cha 28 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, ambacho kilivyotungwa kinasema faini isiyozidi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 7, au vyote. Likipelekwa kama kosa la uhujumu uchumi, chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, tangu marekebisho ya 2016 kifungo hakipungui miaka 20 wala hakizidi 30.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa laini. Mwaka 2015 Mahakama ya Kisutu iliwapa mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona miaka 3, rufaa ikashusha hadi 2, na mwaka 2016 wakamalizia kwa huduma ya jamii, kufanya usafi hospitali.

Mlolongo wenyewe: malalamiko yanapelekwa TAKUKURU wilaya, taasisi ya kupambana na rushwa (au piga 113, bure), wanachunguza, jalada linakwenda kwa waendesha mashtaka, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anatoa kibali. Kesi ya uhujumu uchumi ikisikilizwa mahakama ya wilaya zinatakiwa karatasi mbili: kibali cha kushtaki, na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka ya kusikiliza. Ikikosekana moja, mwenendo mzima unafutwa kwenye rufaa hata kama ushahidi ulikuwa mzito. Watu wakiona mtuhumiwa katoka wanasema hakimu kala hela, kumbe karatasi haikuwepo.

Dhamana nayo si ya kusaini tu. Thamani ikiwa kubwa, mshtakiwa anaweka nusu yake kwa fedha au hati ya mali, nusu nyingine kwa bondi.

Karani wa Mizani:
Naongezea kwenye ushahidi, maana kesi hizi hufia hapo. Utetezi wa kwanza utakaousikia ni unyaufu, yaani uzito kupungua kwa kukauka, na si uongo wote. Korosho ikipokelewa na unyevu wa asilimia 12 ikakauka hadi 9, uzito unashuka kwa 88 gawanya kwa 91, yaani asilimia 3.3 hivi. Kwenye kilo 60,000 ni kama 1,980. Kwa hiyo katika zile 4,000 zako, karibu nusu inaweza kuwa imekauka kihalali, na inayotafutiwa mtu ni kama 2,020. Mwendesha mashtaka akidai 4,000 zote bila kujibu hoja ya unyaufu, shaka imeshaingia. Ndiyo maana kipimo cha unyevu siku ya kupokea lazima kiandikwe. Kisipoandikwa, kila mtu atataja asilimia inayomfaa.

Kingine ni mizani. Kama haina stempu ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, wakili atauliza kilo 60,000 zilitoka wapi.

Halafu nani? Upungufu peke yake haumfungi mtu. Funguo za ghala alishika nani, makabidhiano yalisainiwa lini, nani aliidhinisha orodha ya malipo. Panga karatasi kwa mzigo mmoja mmoja: stakabadhi ya mkulima, leja, hati ya kusafirishia, stakabadhi ya ghala kuu, orodha ya malipo, taarifa ya benki. Pale namba inapobadilika ndipo pa kuchimba. Majina hewa hujitokeza yenyewe, kwa mfano mkulima ana malipo benki lakini hana stakabadhi ya kupima.

Mkorosho Mkavu:
Na leja ikipotea?

Karani wa Mizani:
Leja hupotea sana msimu wa ukaguzi, hilo linajulikana. Kusanyeni nakala za wakulima, ghala kuu wana zao, benki wana zao. Nakala ya benki inakubalika ila ofisa wa benki aithibitishe.

Wakili wa Shangani:
Na kielelezo cha maandishi kikishapokelewa kisomwe kwa sauti mahakamani. Mahakama ya Rufani imeshikilia hilo tangu kesi ya Robinson Mwanjisi. Kisiposomwa, kinaondolewa kwenye kumbukumbu.

Sasa hela. Faini inaingia serikalini, mkulima haimhusu. Anachohitaji ni amri ya fidia, na haiji yenyewe. Mwendesha mashtaka aiombe kabla ya adhabu kutamkwa, akiwa na jedwali: jina, kilo, kiasi. Mkulima ambaye nyaraka zake hazikuletwa, kiasi chake hakina pa kusimamia. Anayedai kisheria mara nyingi ni chama, hivyo mkutano mkuu upitishe azimio na bodi mpya isaini barua. Msiwaachie watuhumiwa waandike.

Kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia kwenye sheria mwaka 2019. Mshtakiwa anakiri, analipa, adhabu inapungua. Kiasi cha kurejesha kinapangwa kwenye mazungumzo hayo, kwa hiyo jedwali lifike mapema. Mtu akirejesha fedha wakati wa uchunguzi, daini risiti. Kulipa hakufuti kosa.

Msisubiri hukumu. Pelekeni barua kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika sambamba na kesi, ombeni ukaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika. Mrajis anaweza kuagiza kiongozi arejeshe fedha kwa kipimo cha ushahidi cha kesi za madai, kilicho chepesi kuliko cha jinai.