Naomba ushauri: Tovuti ya wachimba visima inavutia, nitajuaje kama si wapigaji?

Mtoto_wa_Kibada

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anaishi Kibada, Kigamboni, na amechoka kununua maji ya maboza. Sisi watoto tumekubaliana kuchanga tumchimbie kisima. Mimi nipo Dodoma kikazi, siwezi kuzunguka kutafuta watu, kwa hiyo nimepekua mtandaoni nikakutana na tovuti ya wachimba visima fulani. Jina sitalitaja, maana sina ushahidi wowote dhidi yao.

Tovuti inavutia kweli. Picha za mashine kubwa, "uzoefu wa miaka 20", nembo za BRELA (wasajili wa biashara) na TRA (mamlaka ya mapato) zimepangwa kule chini, na maoni ya wateja ni nyota tano mwanzo mwisho. Wameandika "maji uhakika asilimia 100 popote Tanzania", bei 65,000 kwa mita, kupima maji ardhini bure. Ofisi wanasema ipo Posta, jengo hawataji. Nimepiga simu, jamaa anaongea vizuri tu, ila anataka asilimia 70 ndio mashine iondoke, na namba ya kulipia inasoma jina la mtu binafsi.

Hapo kwenye jina ndipo nimesita. Au ni kawaida? Nawasilisha.

Kisusio

Asilimia 70 kwa mtu ambaye hata sura humjui? Mkuu, hiyo hela ya mama itunze.

Dada_wa_Goba

Pole ndugu. Anza na picha. Ihifadhi moja kwenye simu, iingize Google Lens uone imetokea wapi kwingine. Mimi nilipokuwa natafuta fundi wa madirisha ya alumini nilikuta "kazi yetu ya Mbezi" ipo kwenye ukurasa wa kiwanda cha China, pazia lile lile, hata ua lile lile kwenye meza.

Kisha itazame picha kwa macho ya mtu wa Dar. Kigamboni ni mchanga. Kama picha zote zinaonyesha mashine juu ya majabali na udongo mwekundu, hakuna hata moja yenye minazi wala ukuta wa tofali za simenti, uliza walichimba lini pwani.

Nembo za BRELA na TRA zisikutishe, hata mimi naweza kuzibandika leo. BRELA wana mfumo wao wa mtandaoni, ORS, tafuta jina lao humo. Likikosekana, uliza jina kamili lililosajiliwa, kwa sababu wengi jina la kibiashara ni moja na la kampuni ni jingine.

Chaurembo77

Niongezee: tovuti za .co.tz unaweza kuangalia zilisajiliwa lini, tafuta whois ya .tz, yaani huduma ya kutazama usajili wa majina ya tovuti. Tovuti ya miezi 3 inayodai miaka 20, mmh.

Mzee_wa_Feri

Chaurembo hapo umemwonea. Kampuni inaweza kuwa ya zamani na tovuti ikawa mpya, kijana wa mwenye kampuni kamaliza chuo kamtengenezea baba yake. Mimi kisima changu Mjimwema kimechimbwa na mtu ambaye hana tovuti, hana Instagram, simu yake ya vitufe, na maji natumia mpaka leo. Tovuti inakuonyesha nani aliweza kumlipa mtu wa tovuti, basi.

Fundi_Rodi

Nimefanya kazi kwenye mashine za kuchimba, niwape ya ndani.

Tovuti nyingi za visima ni za madalali. Hawana mashine. Wakikupata wewe ndipo wanampigia mwenye mashine. Si lazima awe tapeli, wapo madalali waaminifu kuliko wenye mashine, lakini lazima ujue unadaiwa na nani na ukiharibikiwa unamshika nani. Muulize moja kwa moja: mashine ni ya nani na sasa hivi ipo saiti gani? Mwenye mashine anajibu bila kufikiri. Dalali ataanza "ngoja nikucheki".

Kwangu mimi kilichoharibu tovuti hiyo ni "asilimia 100". Hakuna mpimaji anayeweza kusema hivyo kabla hajafika kiwanjani. Na Kigamboni shida kubwa siyo kupata maji, shida ni chumvi. Ukiwa karibu na bahari unaweza kuwa na maji matamu juu, ukizidisha kina unakutana na ya chumvi. Sasa mtu anayelipwa kwa mita ana faida gani kukwambia "tuishie hapa"? Ndiyo maana kupima lipia peke yake, ikiwezekana kwa mtu tofauti na mchimbaji, na ripoti iwe ya kwako. "Kupima bure" mara nyingi ni jamaa kuja na vijiti viwili kuzunguka uwanja.

Kingine ni kibali. Kuchimba kisima kunasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kwa Dar unahusika na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Muulize nani anashughulikia kibali. Akisema "hicho hakina haja, ni kisima cha nyumbani", umeshamjua.

Mtoto_wa_Kibada

Fundi_Rodi ubarikiwe sana. Na hiyo bei kwa mita, nitajuaje wamefika mita wanazosema wakati mimi sipo?

Fundi_Rodi

Swali zuri. Awepo mtu wenu pale na futi. Apime rodi moja (vile vyuma virefu vinavyounganishwa kuchimbia) kabla haijashuka, halafu kila inayoongezwa aandike. Kina ni hesabu hiyo hiyo. Wakati wa kushusha mabomba ahesabu tena, maana kuna wanaochimba mita 60 wakashusha mabomba mita 40 tu na pesa ya mabomba wakachukua yote. Kazi ikiisha dai ripoti ya kisima: kina, bomba lenye matundu limekaa wapi, matokeo ya kupampu. Mtu mwenye historia atakuwa na ripoti za wateja wa nyuma, mwombe moja ya Kigamboni, jina la mteja alifiche.

Malipo: kiasi kidogo mashine ikishafika kiwanjani, kingine mabomba yakishashuka, kilichobaki maji yakishapampuliwa mpaka yametakata. Na mwandikiane kabisa: kikitoka kikavu au cha chumvi nani anabeba hasara?

Dada_wa_Goba

Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Ukiipata ihakiki kwenye verify.tra.go.tz, utaona jina la muuzaji. Jina la risiti, la mkataba na la namba ya kulipia yakiwa matatu tofauti, simama.

Kisusio

Mnamfundisha kuchimba kabisa. Mkuu mwambie akupe mteja wa Kibada au Mjimwema uende ukaongee naye. Maoni ya "Juma, Dar" hayana mlango wa kugonga.

Mtoto_wa_Kibada

Mrejesho. Nimempigia na maswali yenu. Mashine siyo yake, amekiri, ni ya bosi mmoja wa Chanika na yeye anachukua kamisheni. Kibali akaniambia "hilo tutaliona mbele ya safari". Nilipomwomba mteja wa Kigamboni akanipa namba ya mtu wa Mkuranga. Ila amekubali kunipa namba ya mwenye mashine, na huyo nimeongea naye: anasema ana kisima alichochimba Geza Ulole, huko huko Kigamboni, mwaka jana, mwenye nyumba hana shida mtu akienda kuona. Mdogo wangu anaenda Jumamosi.

Fundi_Rodi

Aende na chupa safi. Wafungue pampu maji yatoke kwanza kama nusu saa, ndipo aonje na kukinga ya kupeleka maabara ya maji. Ya kwenye tangi asiyakubali. Na amuulize mwenye nyumba swali moja tu: baada ya kulipa ya mwisho, simu ilipokelewa?

Mzee_wa_Feri

Mimi namba ya yule wangu wa simu ya vitufe nimekutumia faragha. Wapime wote wawili kwa maswali hayo hayo.