Tsiolkovsky, Goddard au Oberth: nianze na yupi darasani?

Mwl_Fizikia: Wakuu, salaam. Wiki ijayo naanza roketi na kidato cha tatu, na nataka wakutane na mtu kabla ya kanuni. Nina watatu: Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi, Robert Goddard wa Marekani na Hermann Oberth, mzaliwa wa Transylvania (leo ni Romania). Moyo wangu uko kwa Goddard, maana ndiye aliyerusha. Tarehe 16 Machi 1926, Auburn, Massachusetts, roketi yake ya petroli na oksijeni kimiminika ilikaa hewani sekunde 2.5, ikapanda kama mita 12, ikaangukia kwenye kabichi. Mnaonaje?

MpendaNyota: Mwalimu, nakupinga kwa heshima. Tsiolkovsky alipoteza usikivu utotoni, akajisomea maktaba huko Moscow, akawa mwalimu Kaluga. Mwaka 1903 akachapisha mlinganyo unaounganisha kasi ya gesi inayotoka, tungamo la roketi na kasi inayoipata, ambao hakuna mhandisi wa roketi anayeukwepa. Wape namba: gesi ikitoka kwa kilomita 3 kwa sekunde, nawe unataka kilomita 8 kwa sekunde ili uizunguke dunia, tungamo la kuondokea lazima liwe zaidi ya mara 14 ya linalofika. Yaani katika kila tani 14, 13 ni mafuta na oksijeni! Na hapo hujahesabu mvutano wa dunia wala ukinzani wa hewa. Mtoto akikokotoa hilo kwa mkono wake, ataelewa kwa nini roketi hujengwa kwa hatua.

Dada_wa_Malindi: Kweli kabisa. Roketi za Kimarekani za Scout zilizorushwa huku kwetu, jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, zilikuwa na hatua nne. Moja ikiisha inaachwa. Setilaiti ya Uhuru ilipanda hivyo tarehe 12 Desemba 1970.

FundiChuma: Hesabu peke yake hairuki. Mwalimu, tafuta picha ya Goddard kando ya ile roketi ya 1926, uwaulize injini iko wapi. Iko juu, matangi chini! Alidhani ikivutwa kutoka juu haitayumba. Haikuwa hivyo, akaihamishia chini. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimwandika kana kwamba hajui fizikia, eti roketi haisukumi pasipo hewa, ilhali alishaijaribu ndani ya ombwe. Likakiri kosa Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Goddard alifariki 1945. Inaniuma kila nikisoma.

Msomi_Kimya: Oberth naye msimsahau. Tasnifu yake ilikataliwa 1922, mwaka uliofuata akaitoa kitabu, na kikawasha vijana wa Ujerumani, mhandisi wa roketi Wernher von Braun akiwemo. Ila kwa kidato cha tatu ni mzito.

Mwl_Fizikia: Ahsanteni sana. Jumatatu naingia na ile picha na swali la injini, nisiseme jibu mpaka wabishane. Kipindi cha pili ni mlinganyo wa Tsiolkovsky. Logi asilia iliyomo ndani yake hawajafika, nitawachorea jedwali ubaoni wajaze wenyewe hadi waifikie hiyo 14.