Tupeane uzoefu: Kizimba cha mbao cha finchi ambacho ni rahisi kusafisha

Mfugaji wa Moshi

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wetu sisi tunaofuga finchi nyumbani, yaani vile vindege vinavyokula mbegu: zebra finchi, bengalizi, gouldian na wengine wadogo wadogo waliozaliwa kizimbani. Wale wa porini wana sheria zao, na kuwanasa bila kibali ni kosa, kwa hiyo tuwaache huko huko waliko.

Nataka tuzungumzie jambo moja tu: namna ya kujenga kizimba cha mbao ambacho mtu anakisafisha asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini, bila kuwatia ndege kiwewe na bila kumwaga maganda ya ulezi sebule nzima. Nasema mbao kwa sababu ndiyo tunayoimudu. Vile vya chuma vya dukani vingi ni vyembamba na virefu kwenda juu, wakati finchi hupaa kwenda mbele na kurudi. Jozi moja ipe angalau sm 80 za urefu; kimo cha sm 45 kinatosha. Upana usizidi urefu wa mkono wako. Kona usiyoifikia kwa kitambaa hutaisafisha, hata uwe na bidii namna gani.

Naanza mimi. Kwangu kila kitu kiko kwenye trei. Fundi bati amenikunjia bati la geji 28 lenye kingo za sm 3, pembe amezikunja tu, hakuzitia lehemu. Hilo nililisisitiza, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi ndani yake, na finchi hudonoa kila kinachong'aa. Trei inateleza juu ya vibanzi viwili vilivyopigiliwa ndani ya ubavu wa kizimba. Mbele yake kuna ubao mwembamba wenye bawaba juu: ukivuta trei, ubao unadondoka wenyewe na kuziba pengo. Bila huo ubao, siku moja utasimama na trei mkononi ukimwangalia dume wako juu ya pazia.

Juu ya trei natandika magazeti, karatasi kadhaa kwa pamoja. Asubuhi nakunja ya juu na uchafu wake, natoa, basi. Maranda ya mbao siyatumii, vumbi lake linaingia kwenye pumzi zao. Tena kwenye gazeti unaona kinyesi vizuri, kikigeuka maji au kijani unajua mapema kuna mgonjwa.

Haya, karibuni. Leteni vipimo, leteni na vilio.

Bint Tanga

Asalaam aleykum. Huku kwetu pwani adui ni chumvi. Tundu langu la kwanza nililinunua kwa fundi mmoja wa mtaani, waya umepigiliwa misumari moja kwa moja kwenye mbao. Kutu ikala waya, na waya haukutoka mpaka uvunje mbao.

Hili nililo nalo sasa nilimchorea fundi mwenyewe. Ni sanduku la plaiwudi, pande tatu zimezibwa, mbele tu ndiyo waya. Ule waya uko kwenye fremu yake, na fremu imeshikwa kwa boliti nne na nati zenye masikio, zile unazozifungua kwa vidole. Nikitaka kufanya usafi mkubwa nawahamisha ndege, naitoa fremu nzima, naiosha uani kwa brashi, naianika. Sanduku nalo linabaki wazi kama kabati, unapiga kitambaa kotekote. Kuta za ndani nimebandika fomaika nyeupe, lile bamba jembamba laini kama plastiki, kinyesi hakipati pa kushika.

Waya chukueni wa nusu inchi, usizidi hapo. Wavu wa kuku msiuguse, finchi anapita au ananasa kichwa. Na waya mpya uliopakwa zinki usuguliwe kwanza kwa siki na brashi, halafu usuuzwe, maana vile vipande vya zinki vinavyolegea vikimezwa ni sumu kwa ndege.

Seremala wa Nakuru

Mimi ni fundi, kwa hivyo nitaongea kuhusu mbao. Watu huuliza sabuni gani, dawa gani. Shida haiko kwa sabuni, iko kwa joints, yaani pale ubao unakutana na ubao. Hapo ndipo maganda, maji na wadudu hukaa.

Nikijenga, mbao natumia saiprasi iliyokauka vizuri. Zile zenye rangi ya kijani kwa sababu zimetiwa dawa ya mchwa siweki ndani ya kizimba hata bure. Nyingine zina arseniki, na ndege hutafuna mbao. MDF, yaani zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, pia hapana. Ikilowa mara chache inafura kando na haiwezi kurudi. Kila kiungo naweka gundi ya mbao kwanza, kisha skrubu, kisha nafuta gundi inayotoka. Ikikauka, naziba ufa wowote uliobaki, napiga msasa mpaka kidole kikipita hakisikii mahali ubao mmoja umeishia na mwingine umeanza. Kwa kona za ndani za chini naweka kipande cha mbao cha pembetatu ili kusiwe na kona kali. Kitambaa kinapita mara moja tu na kazi imeisha. Watu huruka hatua hiyo kwa sababu haionekani ukipiga picha, lakini ndiyo inakuokolea muda kila siku.

Halafu rangi. Rangi ya maji, isiyo na risasi, mikono miwili au mitatu. Usiweke ndege ndani mpaka harufu iishe kabisa. Weka pua ndani ya kizimba kilichofungwa usiku kucha: ukisikia rangi, bado. Mapafu ya ndege si kama yetu, moshi au harufu kali humuua haraka.

Vijiti vya kutua navikata kwa mpera, unene tofauti tofauti, na ncha nachonga mfereji mdogo ili vishike kwa waya bila msumari. Vikichafuka natupa, nakata vingine. Mparachichi usitumie, una sumu kwa ndege. Na usiweke kijiti juu ya chakula ama maji. Hapo hata kizimba kizuri namna gani hakitakusaidia.

Mfugaji wa Moshi, hujasema kama una wavu juu ya trei. Mimi siweki. Wavu wa chini ndio hubeba uchafu wote na ni mgumu kuosha, na finchi hupenda kushuka chini kuokota mbegu.

Mfugaji wa Moshi

Fundi, ninao, na hapa tunatofautiana. Finchi wangu wakishuka wanaokota mbegu zilizochanganyika na kinyesi, sipendi. Ila nakubali kuuosha ni kazi. Wangu unatoka pamoja na trei, nao nauloweka kwenye beseni huku nikiendelea na mengine.

Dada wa Mwanza

Naomba nieleze habari ya utitiri, kwa sababu ndio ulionifanya nibadilishe kizimba.

Vifaranga walikuwa wanakufa kiotani mmoja mmoja. Ukiwafungua mdomo, ndani ni weupe, hawana damu. Mchana nikikagua kizimba sioni kitu. Jirani yangu mmoja mzee anayefuga njiwa akaniambia, mwanangu, funika kizimba kitambaa cheupe usiku, ukifunue alfajiri kabla jua halijapanda. Nilivyokifunua, kitambaa kilikuwa na vidoa vyekundu vinavyotembea. Ule ni utitiri mwekundu. Mchana unajificha kwenye nyufa za mbao, usiku unatoka kunyonya damu, na unaweza kukaa miezi bila kula ukisubiri ndege warudi. Kwa hiyo kukiacha kizimba kitupu kwa muda mfupi hakusaidii.

Niliwahamishia ndege kwenye kizimba kidogo cha waya mtupu. Kile cha mbao nilikimwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, nikakianika juani, nikarudia baada ya siku chache kwa sababu mayai huanguliwa upesi. Viota vyote vya zamani nilichoma moto.

Cha sasa kina viungo vilivyozibwa kama fundi alivyosema, na sanduku la kiota linaning'inia nje ya kizimba, lina kifuniko cha kuinua. Nakikagua kiota chote bila kuingiza mkono ndani ya kizimba. Na kitambaa cheupe bado nakifunika mara kwa mara, hata kukiwa shwari. Yale makinda sijayasahau.

Mswahili wa Maskati

Mimi ni kwa upande wa maji tu. Huku joto likipanda finchi wanaoga kutwa, na mbao za chini zilikuwa hazikauki. Nimenunua bafu la plastiki linalopachikwa mlangoni kwa nje, wanaingia humo, maji yanaishia humo. Mlango ni wa kupandisha juu, si wa bawaba, kwa hiyo nalipachika bila kuacha upenyo. Kizimba kimekaa kikavu tangu hapo.

Mgeni wa Kahama

Shukrani wakuu. Maswali mawili: sisimizi wanafuata mbegu, nafanyaje? Na klorini ya kufulia nguo inafaa kwa kuoshea?

Bint Tanga

Sisimizi: weka miguu ya meza ya tundu kwenye vikopo vyenye maji na mafuta kidogo juu, na tundu lisiguse ukuta. Likigusa, wanapanda ukutani.

Klorini inafaa, lakini sugua kinyesi chote kwanza kwa sabuni na maji moto, maana juu ya uchafu haifanyi kazi. Kisha vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji, iache dakika 10, suuza sana, anika juani mpaka harufu itoke. Ndege wawe mbali muda wote huo. Na mwanangu, klorini usiichanganye na siki hata kidogo, inatoa hewa ya sumu kwako na kwao.