Fungate kwenye rizoti za kila kitu ndani: mlipumzika kweli? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Ndoa yetu imekaribia na mwenzangu amekomaa kwamba fungate twende kwenye zile rizoti unalipa mara moja, chumba, chakula, vinywaji mpaka mtumbwi wa kupiga kasia vyote humo humo. Mimi sina neno, ila nachotaka ni KUPUMZIKA, sio kuamshwa na ratiba. Mlioenda fungukeni, mlipumzika au mlirudi hoi? Picha za machweo tumeona za kutosha, leteni yale hamkupost.

Bibi_Usingizi: Hongera mapema dada. Sisi tuliondoka alfajiri ya siku iliyofuata harusi, miguu imevimba, kichwani bado nina pini za nywele kama kumi hivi, tukafika asubuhi sana tukaambiwa chumba mpaka saa tisa mchana. Na ndo utaratibu wa hoteli nyingi, msishangae. Ila kumbe ile bangili ya plastiki unavalishwa hapo hapo mapokezi, ukishaivaa unakula, unakunywa, unaingia bwawani, chumba kitakukuta mbele ya safari. Shida nguo za kuogelea zilikuwa chini kabisa ya begi kubwa, basi mume wangu akapiga goti katikati ya mapokezi anafukua, nguo zangu za ndani zote ziko sakafuni na watu wanapita na masanduku yao 😂 Kwahiyo nguo ya kuogelea, malapa na mafuta ya jua viwe begi la mkononi. Baada ya hapo tulilala jamani, tunaamka kula tunarudi kulala. Raha ya hizi sehemu ni kwamba hakuna anayekuuliza leo tule nini, baada ya miezi ya kuamua rangi ya vitambaa hilo peke yake ni dawa.

Mkurugenzi_wa_Bufee: Mimi niongelee hela maana ndo inayokata usingizi. "Kila kitu" sio kila kitu. Masaji mara nyingi unalipia, matembezi ya nje ya rizoti unalipia, michezo ya maji yenye injini unalipia, na vinywaji vikali vya majina makubwa sehemu nyingi viko kwenye pakeji ya juu. Omba orodha kwa maandishi kabla hujabuku. Halafu ile migahawa ya kuagiza mezani, tofauti na bufee, inataka nafasi uweke mapema, na wengine wanakuwekea idadi ya mara za kwenda. Weka jioni zako zote siku ya kufika, ukimaliza umemaliza.
Nje ya mada kidogo, walioipa umaarufu staili hii ni Club Med, kampuni ya likizo ya Wafaransa, walianza mwaka 1950 kisiwa cha Majorca kule Hispania, na wageni walikuwa wanalala kwenye mahema. Kwahiyo ukikuta kiyoyozi kinakoroma usinune sana.

Mke_wa_Mtu: Mkuu wa bufee umenifurahisha. Mie naongezea CHUMBA KIKO WAPI. Tulipewa chumba kizuri mno ila chini yetu ndo jukwaa, kila usiku jamaa wa burudani na maiki yake "wapenzi mko wapiii", nikawa nalala na mto juu ya kichwa. Asubuhi nikaenda mapokezi kwa upole nikasema sisi ni maharusi na hatulali, tukahamishiwa jengo la mwisho bila kuongeza hata senti. Wewe omba tangu unabuku: mbali na jukwaa, mbali na bwawa kubwa, na kama watoto wa watu wanakuchosha tafuta rizoti ya watu wazima tu.
Waambie pia ni fungate, wengi wana zawadi zao, ila wengine wanataka cheti cha ndoa kwahiyo beba kopi. Na tiketi ikatwe kwa jina lililoko kwenye pasipoti, hata kama umeshaanza kujiita Mrs 😅 Zawadi yetu ilikuwa mabata mawili ya taulo yamegusanisha midomo na maua mekundu kitanda kizima. Nzuri kwa picha. Tukajitupa juu yake bila kupangusa, yale maua yakatoa rangi kwenye shuka jeupe, fungate ikaanza na mtu anafua bafuni.

Kijana_Hatulii: Mimi napinga kidogo. Kukaa sehemu moja kulinichosha kuliko kazi. Mke wangu anataka kitabu na kivuli, mimi nataka kupiga mbizi, basi tukawa tunanuniana kwa adabu, unaijua ile "sawa tu, nenda". Tulichofanya, asubuhi kila mtu na mambo yake, mchana tunakutana kula. Akawa ana hamu na stori zangu hata za samaki.
Mengine angalia msimu. Visiwa vya Karibi msimu wa vimbunga ni 1 Juni mpaka 30 Novemba, bei huwa zinashuka na sababu ndo hiyo. Sisi mvua ilitufungia ndani tukacheza karata mpaka tukaanza kuibiana.

Mwanzisha mada: Aisee asanteni, mwenzangu anasoma hapa anacheka peke yake. Swali la mwisho, siku ya kuondoka kama ndege ni usiku inakuwaje?

Bibi_Usingizi: Chumba unarudisha mapema, kama saa sita mchana hivi. Waulize kabla kama bangili inaendelea kufanya kazi mpaka gari lije, kwingi inaendelea, na ulizia chumba cha kuogea kwa wanaosubiri safari. Usipande ndege na chumvi mwilini dada, utajikuna mpaka nyumbani.