Mama aliyejifungua mtoto mfu: huzuni ya msiba au sonona?

Mhudumu wa Jamii
Habari za kazi wenzangu. Mama akijifungua mtoto mfu, anarudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu, basi. Ndugu husema ni uchungu wa msiba, utapita. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tuangalie nini, na lini tumpeleke kituoni?

Mkunga
Anza na maziwa, maana ndiyo yanayomvunja moyo mapema. Siku ya 2 hadi ya 4 yanajaa, na wengi hawakuambiwa. Avae sidiria inayoshika bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi, ameze parasetamoli. Akizidiwa akamue kidogo tu, apate nafuu. Akikamua yote, mwili unatengeneza mengine. Kuna kabagolini, dawa ya kuzuia maziwa, miligramu 1 mara moja ndani ya siku ya kwanza, lakini mwenye presha au kifafa cha mimba hapewi, na presha hiyohiyo huwa chanzo cha vifo vingi vya watoto tumboni. Faili lisomwe kwanza.

Tunapompoteza ni baadaye. Kliniki ya wiki ya 6 inaendeshwa kwa kadi ya mtoto. Asiye na mtoto haji, na hakuna anayemuulizia. Mfuateni nyumbani, na mkimpangia kituoni isiwe siku ya chanjo.

Tabibu, afya ya akili
Mwenye msiba hulia, kisha akatulia, akala, akaongea na mgeni. Sonona humkalia karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi: hakuna kinachomfurahisha, kazi ndogo zinamshinda, anajihukumu kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto. Dodoso la PHQ-9, la maswali 9 ya kupima sonona, linafaa. Alama 10 kati ya 27 na kuendelea, apimwe kikamilifu. Pimeni na damu, kwani aliyevuja sana huchoka na kukosa hamu ya chakula hata bila sonona.

Swali la 9, la kutamani kufa, likijibiwa ndiyo, jumla ya alama haina kazi tena: asiachwe peke yake, dawa za shambani na vidonge vifungiwe, apelekwe siku hiyohiyo. Muulize waziwazi, kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Anayesikia sauti, au halali na anaongea yasiyoeleweka, naye ni dharura.

Mhudumu wa Jamii
Ahsanteni sana. Na hii diazepamu anayopewa ili alale?

Tabibu, afya ya akili
Isiwe tiba ya msiba. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo. Inamzoesha, na sonona inabaki palepale. Sonona ya wastani au kali hutibiwa kwa ushauri nasaha, na dawa ya sonona, fluoksetini, miligramu 20 asubuhi ikihitajika, baada ya kuuliza kama aliwahi kuchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi, maana huyo dawa hii yaweza kumrudishia hali hiyo. Wiki za mwanzo kichefuchefu na kukosa usingizi ni kawaida, nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, na ndipo wengi wanapoiacha wakidhani haifanyi kazi. Akipona aendelee miezi 9 hadi 12. Kama kituo kina amitriptilini pekee, nayo ni dawa ya sonona, apewe ya wiki moja moja na ndugu aitunze, kwa sababu ikizidi inadhuru moyo.