Mjadala: Bila alama za mwendo, mtu anaweza kweli kubeti farasi akafaidika?

Mtoa mada

Wakuu, hili kila likitajwa watu wanagawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema ukibeti mbio za farasi bila alama za mwendo unatupa hela. Nyingine inasema alama hizo ni bidhaa ya kuuziwa wapenda tarakimu.

Tuelewane maneno kwanza, maana nusu ya ubishi hutokea hapo. Alama za muda zinapima saa aliyomalizia farasi, ikisharekebishwa kwa hali ya uwanja siku hiyo. Ndizo zilizompa jina Andrew Beyer, mwandishi wa mbio za farasi wa Marekani, na gazeti la mbio la Daily Racing Form linazichapa tangu 1992. Alama za mwendo zinapima jinsi alivyozitumia sekunde zake njiani. Chukua farasi wawili waliomaliza falongi 6 (falongi moja ni kama mita 200) kwa dakika 1 na sekunde 10. Mmoja alikata falongi 4 za kwanza kwa sekunde 44.8, mbili za mwisho akajikokota kwa 25.2. Mwenzake alikwenda 46.5, kisha 23.5. Kwa alama ya muda ni mapacha. Wakutanishe kesho uone kama ni mapacha.

Kwa hiyo sibishi kwamba mwendo una maana. Ninachobisha ni kwamba lazima uwe na namba zake. Kentucky Derby ya 2002, mbio kubwa za Marekani, farasi War Emblem alichukua uongozi, akapita nusu maili kwa sekunde 47.04, hakuna aliyemkera, akashinda kwa odi ya 20 kwa 1. Proud Citizen, aliyemfuata tangu mwanzo, ndiye aliyemaliza wa pili. Kumfikiria War Emblem hakukuhitaji kikokotoo: alikuwa ametoka kushinda mbio za Illinois Derby kwa kuongoza mwanzo hadi mwisho. Swali lilikuwa moja tu, nani atamsumbua mbele? Hilo unalijibu kwa kalamu, kwa kuhesabu wanaopenda kuongoza. William Quirin, mwandishi wa vitabu vya mbio za farasi, alishatupa njia ya kumpa kila farasi pointi kuanzia 0 hadi 8 kwa alivyokaa mwanzoni mwa mbio zake za karibuni. Inatosha.

Mchangiaji wa kwanza

Haitoshi, mkuu. Kuhesabu wanaoongoza ni kuhesabu vichwa bila kuangalia vifua. Farasi aliyeongoza mbio tatu dhaifu, akipita nusu maili kwa sekunde 47, atapata pointi zote za Quirin. Mweke na mwenye uwezo wa 45, hatauona uongozi hata kwa darubini. Kwa kalamu yako utaandika "wawili watapigana mbele, nitamchukua wa kutoka nyuma." Hawatapigana! Mmoja ataondoka peke yake na wewe umeshika tiketi ya farasi wa nyuma, na mbele hakuna anayechoka ili ampite.

Ukitaka kuona kwa nini ukubwa wa namba una maana, nenda Kentucky Derby ya 2022. Robo maili ya kwanza sekunde 21.78, kasi ambayo Derby haikuwahi kuiona hapo kabla. Nusu maili 45.36, na safari ni maili 1 na robo. Farasi Summer Is Tomorrow na Crown Pride waliochochea moto huo waliishia mbali nyuma, na mwenzao Rich Strike akatokea mkiani kwa odi ya 80 kwa 1. Dola 2 zikalipa dola 163.60.

Mchangiaji wa pili

Huo mfano unakugeuka, ndugu yangu. Namba hizo umezisoma baada ya mbio. Kabla ya mbio ulikuwa na nini? Wale wawili walitokea Dubai, walikomaliza wa kwanza na wa pili kwenye UAE Derby. Saa za Meydan, kiwanja cha huko Dubai, uzilinganishe na za viwanja vya Marekani kwa rula gani? Na hata kama ungejua mbele kutaungua, waliotoka nyuma walikuwa wengi. Zandon naye alitokea nyuma, akawa wa tatu. Rich Strike mwenyewe aliingia kwenye orodha siku moja kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Namba ipi ilikuambia ni yeye?

Halafu tuseme ukweli kuhusu zinavyopatikana. Marekani saa haianzi lango linapofunguka, inaanza farasi wakishakimbia umbali fulani, na umbali huo unatofautiana kiwanja hadi kiwanja. Robo ya kwanza ya hapa si robo ya pale. Farasi asiyeongoza, kwa miaka mingi muda wake wa njiani ulikadiriwa kwa jicho: yuko urefu wa farasi wangapi nyuma ya kiongozi, kila urefu uhesabiwe kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa kasi halisi ya farasi, urefu mmoja unakaribia zaidi moja ya sita. Makosa mawili madogo yanajumlishwa, kisha mtu anakuletea alama "87" kana kwamba imetoka maabara.

Mchangiaji wa tatu

Na farasi Secretariat je? Mbio za Belmont za 1973, Marekani, maili 1 na nusu, falongi 6 za kwanza kapita kwa dakika 1 na sekunde 9.8. Kwa hesabu za mwendo huyo alikuwa anajiua. Mpinzani wake Sham, aliyethubutu kwenda naye, alimaliza wa mwisho. Secretariat akashinda kwa urefu wa farasi 31, dakika 2 na sekunde 24.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, ukijenga kanuni kwa Secretariat basi na sisi tuvae mbawa.

Mtoa mada

Hapo kwenye vichwa na vifua nimekubali, na nimeumia, maana tiketi za namna hiyo ninazo droo nzima. Pointi za Quirin hazitofautishi kiongozi wa mbio za bei rahisi na kiongozi wa kweli. Siku hizi natazama pia saa ya nusu maili. Lakini ile ghafi, iliyochapwa wazi.

Kitu kimoja hamjakigusa, nacho ndicho kinachonizuia kununua. Kwenye dau la pamoja, ambapo hela za wote huingia chungu kimoja, hatushindani na farasi, tunashindana sisi kwa sisi, na kabla ya kugawana, mwenye kiwanja ameshakata chake. Marekani kwa dau la mshindi ni kama asilimia 15 hadi 20. Hong Kong, Jockey Club inayoendesha mbio huko inatoa bure muda wa kila kipande kwa kila farasi. Basi kila mtu anao, na umeshamezwa na odi. Mwaka ambao wachache tu walikuwa na alama za Beyer, zililipa. Zilipoingia gazetini, farasi mwenye alama kubwa akashuka bei. Kwa nini alama za mwendo zisipite njia hiyohiyo?

Mchangiaji wa pili

Mimi nina swali kwa mchangiaji wa kwanza. Tenno Sho ya vuli 2022, mbio kubwa za Japani, Tokyo, mita 2000. Farasi Panthalassa anapita mita 1000 kwa sekunde 57.4, kasi ya kichaa, lakini yuko mbali mbele peke yake. Kundi lote nyuma linatembea mwendo wake wa kawaida. Mwenzake Equinox anamaliza mita 600 za mwisho kwa 32.7, anamkamata karibu na mstari, na Panthalassa bado anashika nafasi ya pili. Mbio hizo utaziandika zilikuwa za kasi au za polepole? Na alama utakayompa Equinox, utaitoa kwenye saa ya nani?